Nyumba Kubwa za Kilimanjaro

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Mpita njia huona mlango na paa, akasifu au akadharau, kisha akaenda zake. Lakini habari za nyumba zimo ndani, kwa watu waliokaa humo na kwa mikono iliyoijenga.

Katika nchi za Ulaya, na hasa Uingereza, watu wameandika vitabu vingi juu ya majumba ya mashamba, yaani makao ya mabwana wakubwa waliokaa mbali na miji, katikati ya ardhi zao. Hutaja fundi aliyelichora jumba, picha zilizotundikwa ukutani, na mwaka bustani ilipopandwa. Sisi wa Kilimanjaro tumezoea kudhani ya kuwa habari za namna hii si zetu, kwa kuwa nyumba za babu zetu zilikuwa za miti na majani, na majani huoza. Walakini mlima huu nao umekuwa na nyumba zake kubwa, na habari zake zastahili kuandikwa. Basi katika makala hii twawaomba wasomaji wetu tuingie pamoja ndani, tuulize jinsi zilivyojengwa, zilijengwa na nani, na ni kitu gani kilichosalia.

Nyumba ya asili

Hatuwezi kuijua nyumba ya mangi pasipo kuijua kwanza nyumba ya mtu wake. Nyumba ya Mchagga wa kale ilikuwa ya mviringo, na sehemu nyingi paa lilishuka toka kileleni hata likakaribia kugusa ardhi, mfano wa chungu kilichofudikizwa. Nyumba hiyo ndiyo tuiitayo msonge. Wanaume walikata nguzo na fito. Fito ndefu zilichomekwa kwa duara, zikapindwa, zikakutanishwa juu na kufungwa kwa kamba za miti. Kisha fito nyembamba zikazungushwa, duara juu ya duara, mpaka nyumba yote ikawa kama tenga kubwa. Wanawake na vijana walileta majani toka nyikani, au majani makavu ya migomba. Waezekaji walianza chini wakapanda juu, ili kila safu ifunike ile iliyo chini yake, mvua iteleze isipate pa kuingilia. Msumari haukutumika hata mmoja.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Majirani na watu wa ukoo walikuja, kila mtu na mzigo wake, na mwenye nyumba aliwaandalia chakula na mbege. Aliyejengewa leo alijua ya kuwa kesho ni zamu yake kumjengea mwingine. Kwa hiyo hapakuwa na nyumba iliyosimama ambayo haikuwa na deni la mikono ya watu wengi.

Ndani palikuwa na mpango maalum. Jiko la mafiga matatu lilikuwa katikati. Upande mmoja walikaa ng'ombe na mbuzi, na upande mwingine palikuwa kitanda. Juu ya moto palikuwa dari, na huko viliwekwa ulezi, ndizi za kukausha na kuni. Mgeni asiyejua aliingia akakohoa, akasema kwamba watu hawa hawajui moshi una njia ya kutokea. Kumbe moshi ulikuwa na kazi: ulikausha nafaka, ulifukuza wadudu, tena uliihifadhi miti na majani ya paa yasioze upesi. Nyumba ambayo moto wake ulizimika kwa miezi mingi ilianza kuliwa na wadudu, ikaanguka. Jambo hili wasomaji walishike, kwa maana tutalirudia mwishoni.

Tena nyumba haikuishia mlangoni. Ng'ombe walikaa zizini humo ndani, na wanawake walipanda mlima na mizigo ya majani toka nyanda za chini ili kuwalisha. Samadi ilitolewa ikawekwa shinani mwa migomba. Migomba ilitoa chakula cha watu, na mashina yake yakawa chakula cha ng'ombe. Maji yalikuja kwa mfongo, yaani mfereji uliotolewa mtoni juu kabisa, ukachimbwa kwa miti iliyochongwa ncha, ukazungushwa kando ya miteremko na kupitishwa mahali ambapo hata leo fundi mwenye vipimo angesita. Wageni wa Ulaya waliofika hapa katika karne ya 19 waliistaajabia mifongo hiyo kuliko nyumba. Basi nyumba, mgomba, ng'ombe na maji vilikuwa kama viungo vya mwili mmoja, na mwili huo ndio kihamba.

Kihamba kilikuwa pia mahali pa wafu. Mzee mwenye watoto aliweza kuzikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na baadaye mifupa yake ikatolewa na kuwekwa mgombani, penye masale. Mmea huu wa masale ulitumika kuwa mpaka wa shamba, ulikuwa alama ya amani kwa aliyekosana na mwenzake, tena uliwalinda waliolala chini yake. Kitinda mimba alibaki katika kihamba cha baba, na mwana wa kwanza alipewa chake. Kwa sababu hiyo mtu aliweza kutembea kati ya migomba ya kwao akasoma historia ya ukoo wake, ajapokuwa hajui herufi hata moja.

Huenda mtu akauliza, je, uzuri ulikuwa wapi? Katika nyumba ya majani hapakuwa na ukuta wa kuchorwa. Uzuri ulikuwa katika umbo lenyewe, na katika vitu vya kutumika. Wahunzi, hasa wale wa Mamba, walinunua chuma kutoka Upare wakafua mikuki yenye bapa refu, ambayo wasafiri waliisifu sana. Wachongaji walitoa katika gogo moja vyombo vya mbege na vya maziwa. Kulikuwa na mregho, yaani fimbo iliyochongwa alama, ambayo wazee waliishika walipowafundisha vijana mambo ya utu uzima, kila alama ikawa na somo lake. Fimbo hiyo sisi walimu twaweza kuiita kitabu cha kwanza cha mlima huu.

Makao ya mangi

Mlima wa kale haukuwa nchi moja. Kila mteremko kati ya mto na mto uliweza kuwa na mangi wake: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kilema, Marangu, Mamba, Keni, Usseri na wengine wengi. Nyumba ya mangi haikuwa na umbo geni. Ilikuwa msonge ule ule, ila mkubwa zaidi, na haikuwa moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake. Palikuwa na nyumba za kulala vijana wa vita, za kuwekea chakula, na za mifugo. Tena palikuwa na uwanja wa majani ambapo watu walikutana kusikiliza mashauri na hukumu. Mtu aliyetazama toka mbali aliona kama kijiji; ndiyo yalikuwa makao ya mtu mmoja.

Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka pwani ya Mombasa, alifika Kilema kwa Mangi Masaki mwezi wa Mei 1848, naye ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kibo. Baadaye alifika Machame kwa Mangi Mamkinga. Baada yake walikuja wengine: Baron von der Decken mwaka 1861 na 1862, Charles New mwaka 1871, na Harry Johnston mwaka 1884, aliyekaa miezi kadhaa akikusanya mimea na wanyama. Wote hawa hawakuweza kupanda hatua moja bila ya kupita kwanza katika uwanja wa mangi. Palikuwa ndipo langoni pa mlima.

Aliyelijua sana lango hilo ni Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani na Wazungu walimwita Mandara. Nchi yake haikuwa kubwa, wala askari wake hawakuwa wengi kuliko wa Kibosho. Lakini alijua Kiswahili, na alijua thamani ya mgeni. Misafara ya pwani ilimletea nguo, shanga na bunduki. Mwaka 1885 alifanya mapatano na Wadachi kwa mkono wa Karl Jühlke, na mwaka 1889 wajumbe wake walifika Berlin mbele ya Kaisari. Hivyo nyumba ya majani mlimani ilijulikana katika jumba la mfalme wa Ulaya.

Lakini yatupasa kusema neno lote. Nguo na bunduki zile hazikuja bure. Zilinunuliwa kwa pembe za ndovu, tena zilinunuliwa kwa watu. Mateka wa vita kati ya mteremko na mteremko, wake kwa watoto, walitolewa kwa wafanya biashara wakapelekwa pwani. Tukiusifu ukarimu wa mangi kwa wageni wake, tumkumbuke pia mama wa Kichagga aliyetolewa katika kihamba chake ili karamu ile ipatikane. Wazee wetu walipochimba mapango marefu chini ya ardhi, hasa upande wa Marangu na Mamba, wakaficha humo wanawake, watoto na ng'ombe, hawakuwaogopa Wamasai peke yao. Waliogopa pia jirani wa mto wa pili. Mapango hayo nayo ni nyumba za mlima huu. Ni nyumba za hofu.

Ngome za mawe

Katika karne ya 19 baadhi ya wamangi waliona kwamba uzio wa miti hautoshi, wakaanza kujenga kwa mawe. Wa kwanza kusifiwa ni Horombo wa Keni, huko Rombo, aliyeishi mwanzoni mwa karne hiyo. Aliwashinda majirani zake wengi upande wa mashariki akawatawala, na wazee husimulia jinsi alivyowatumia watu wa nchi alizozishinda kumjengea kuta. Mwishowe aliuawa katika vita na Wamasai, na ufalme wake ukavunjika.

Wa pili ni Sina wa Kibosho. Huyu alikuwa mwenye nguvu kupita wamangi wote wa zamani zake, na makao yake yalizungukwa na kuta za mawe zilizopangwa bila ya chokaa. Ni nani aliyezibeba jiwe kwa jiwe? Watu wake. Kila rika lilikuwa na wajibu wa kumfanyia mangi kazi: kulima shamba lake la ulezi, kumwezekea nyumba, kuchimba mfongo wake, na sasa kumpandishia mawe. Tofauti ilikuwa hii. Mtu alipomwezekea jirani, jirani naye aliwiwa kumwezekea yeye. Mtu alipobeba mawe ya mangi, hapakuwa na siku ambayo mangi angembebea yeye. Walichotazamia ni ulinzi tu, kwamba siku ya vita watakimbilia nyuma ya ukuta.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa Februari 1891. Hermann von Wissmann alipanda Kibosho na askari wake, wengi wao Wasudani, wakiwa na mizinga, na watu wa Rindi wakafuatana naye. Watu wa Sina walipigana kiume nyuma ya kuta zao, na Wadachi wenyewe walikiri kwamba hawakutazamia ngome ya namna ile. Lakini kuta zilizoweza kuzuia mikuki hazikuweza kuzuia mizinga. Ngome ilitwaliwa, nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wengi wakatekwa, na Sina akalazimika kufanya amani. Wachagga walikuwa pande zote mbili za ukuta ule, na pande zote mbili walishindwa siku ile, ijapokuwa wengine hawakulijua bado.

Mfano wa Uingereza

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya mlima wetu tu. Katika nchi ya Uingereza, jimbo la Yorkshire, kuna jumba liitwalo Harewood, ambalo Edwin Lascelles alianza kulijenga mwaka 1759. Mchoro ulikuwa wa John Carr. Vyumba vya ndani vilipambwa kwa kazi ya Robert Adam. Viti, meza na vitanda vilitoka kwa Thomas Chippendale, seremala mashuhuri kuliko wote wa nchi ile. Na bustani yake ilipangwa na Lancelot Brown, ambaye kazi yake ilikuwa kuvigeuza vilima na maziwa mpaka mtu adhani vimeumbwa hivyo. Hata leo watu husafiri kutoka mbali ili kulitazama, nao hawakosei, kwa maana kazi ile ni nzuri kweli.

Walakini fedha ya jumba hilo ilitoka ng'ambo ya bahari, katika visiwa vya Karibi, ambako jamaa ya Lascelles walifanya biashara ya sukari na watumwa, wakawa na mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliotekwa. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria ya mwaka 1833, serikali ya Uingereza iliwalipa fidia wenye watumwa. Bwana wa Harewood alipata zaidi ya paundi 26,000, na watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Kwa miaka mingi mtu aliyetembezwa vyumbani aliambiwa juu ya Adam na Chippendale, asiambiwe neno juu ya wakata miwa. Siku hizi huambiwa yote mawili, wala jumba halikuanguka kwa kuambiwa kweli.

Hilo ndilo jambo tunalopenda wasomaji wetu wajifunze. Kumtaja aliyebeba mawe si kuitukana nyumba. Tukisimulia habari za Rindi, Sina na Horombo, tuzisimulie kama watu wazima, pamoja na utukufu wao na deni lao.

Boma la Wadachi

Rindi alikufa mwaka 1891, na mwanawe Meli akatawala. Mwezi wa Juni 1892 Meli aliwashinda Wadachi, na kamanda wao von Bülow akauawa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Wadachi walirudi na jeshi kubwa la von Schele, Meli akashindwa. Ndipo Wadachi walipojijengea boma katika nchi yake, mahali paitwapo leo Moshi ya Kale, na watu walewale waliozoea kumjengea mangi sasa walimjengea mgeni.

Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli alinyongwa pamoja na wamangi na wakuu wengine, wote jumla watu 19, kwa kushitakiwa ya kwamba wamekula njama dhidi ya serikali ya Wadachi. Mti wa Tsudunyi, Moshi ya Kale, umekuwa ukumbusho wake hata leo. Husimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wajukuu wake wametaka kirudi kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu yaliyotoka Kilimanjaro yameonekana, kwa uchunguzi wa damu ya nasaba, kuwa na jamaa walio hai katika nchi yetu. La Meli halikuwa miongoni mwao. Mtu aliyesoma hapo juu habari za mifupa na masale ataelewa uchungu wa jambo hili. Mzee wa Kichagga kulala katika sanduku la makumbusho, bila ya mgomba juu yake, ni kukosa nyumba.

Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, mji ulihamia chini penye stesheni, na Moshi ya Kale ikabaki juu katika ukimya wake. Wadachi walijenga pia vibanda vya wapanda mlima katika njia ya Marangu, wakavipa majina ya wakubwa wao, kimoja Bismarck na kingine Peters. Baada ya uhuru vilibadilishwa majina. Leo kile cha kwanza, chenye kimo cha mita kama 2,700 juu ya bahari, chaitwa Mandara, na kile cha pili, cha mita kama 3,700, chaitwa Horombo. Maelfu ya wageni hulala humo kila mwaka. Tungependa kila kijana mpagazi na kila kijana mwongozi aweze kuwaambia wageni hao Mandara alikuwa nani na Horombo alikuwa nani, kwa maana jina bila habari ni kama mlango usiofunguliwa.

Jumba la wakulima

Mwishoni mwa karne ya 19 mapadre wa Kilema walipanda kahawa, na mbegu ikasambaa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Wachagga waliipanda kwa wingi kati ya migomba yao, na masetla wa Kizungu wakapinga, wakitaka kahawa ibaki zao la wageni. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kuilinda kahawa yao, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Mwaka 1933 mahali pake palishikwa na KNCU, yaani muungano wa vyama vya ushirika vya mlima huu.

Fedha ya kahawa ilibadili sura ya nyumba. Msonge ulianza kuachwa. Zikaja nyumba za pembe nne, za udongo, kisha za matofali na mawe, na mabati yakang'aa kati ya migomba. Ng'ombe walitolewa nje wakajengewa banda lao. Afya ya watu ilipata faida, tena mtoto alipata meza na taa ya kusomea. Hatuwezi kulia tukitaka kurudi kwenye moshi.

Wamangi nao walijenga kwa matofali, na makao yao yakawa na baraza la hukumu na karani wa kodi. Mwaka 1951 watu walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, akasimikwa mwanzo wa 1952. Mwaka 1960 walipiga kura kuondoa cheo kile, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikomesha utawala wa machifu nchini kote.

Lakini baada ya Vita Kuu ya pili palisimama mjini Moshi jumba la namna nyingine, jumba refu la KNCU. Halikujengwa kwa mateka wala kwa zamu ya rika chini ya fimbo ya mangi. Lilijengwa kwa kahawa ya wenye vihamba vidogo, kila mmoja na mafungu yake machache, kwa hiyo aliyeteremka toka Machame au Rombo aliweza kulitazama akasema, "Katika jengo lile liko tofali langu." Kwa fikira zetu, mtu akituuliza nyumba kubwa ya Kilimanjaro ni ipi, hii yastahili kutajwa mapema. Ilirudisha desturi ya zamani ya kuezekeana, ikaifanya kuwa ya mlima mzima, hata watu wa mito iliyopigana zamani wakawa wenye nyumba moja.

Nyumba zilizofungwa

Sasa twaja kwenye siku zetu. Mtu akipanda leo kutoka mjini kwenda Marangu, Kibosho au Machame, ataona kati ya migomba nyumba nzuri mno, za matofali, za vigae, zenye vioo na malango ya chuma. Wana wa mlima wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo wamezijenga kwa jasho lao, kwa sababu Mchagga hajioni ametulia mpaka amejenga kwao. Hilo ni jambo la sifa. Mwezi wa Desemba magari hupanda kwa safu, malango hufunguliwa, jamaa hukutana, mbuzi huchinjwa, watoto hutambulishwa kwa bibi yao.

Lakini Januari malango hufungwa. Nyumba yenye vyumba sita huachiwa mlinzi, au bibi mmoja mzee akaaye katika kijumba cha nyuma. Mfongo uliopita mbele ya mlango hujaa takataka, kwa kuwa hapana wa kuuzibua siku ya zamu. Mibuni huzeeka. Kihamba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka hakitoshi kumlisha mtu, na mipaka ya masale yakatwa kupisha ukuta wa tofali. Sisi tunaofundisha watoto twaona tunda la jambo hili darasani: waweza kumwuliza mtoto jina la babu wa babu yake, au maana ya sale lililo mlangoni pao, akakutazama tu.

Kumbukeni neno tulilosema juu ya msonge, kwamba nyumba isiyowashwa moto huliwa na wadudu. Matofali hayaliwi na wadudu. Kwa hiyo twaweza kudanganyika, tukadhani nyumba i hai kwa sababu kuta zimesimama. Ngome ya Sina ilikuwa na kuta kuliko nyumba zote za mlima, wala hazikuiokoa. Kilichobaki katika vizazi vyote, vita ikipita, mangi akiondoka, bendera ikibadilika, ni mgomba, maji, na mtu anayejua ni kwao.

Basi twashauri mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya, tena hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, mwaka huu jamaa wakikutana, mmoja achukue daftari, awaulize wazee majina ya waliotangulia mpaka pale wanapokoma, na mahali walipolala, ayaandike. Kazi kubwa ya Dr. Bruno Gutmann, iliyohifadhi sheria na mafundisho ya Wachagga, ilitoka midomoni mwa wazee wa mlima huu. Wazee wa leo nao wana midomo, ila hawajaulizwa. Pili, wana walio mbali wasitume fedha ya mabati peke yake, bali watume pia sehemu ya kuzibua mfongo na kupanda mibuni mipya, ili nyumba iwe na mwili wake. Tatu, katika kila kata wangaliko wazee wachache wajuao kuezeka msonge. Shule na wawaite, vijana wajenge mmoja katika uwanja, wajue mikono ya babu zao ilikuwa na akili gani.

Waingereza wameyahifadhi majumba yao mengi kwa kuyafanyia chama maalum tangu mwaka 1895, na hata hivyo mengi yalibomolewa katika karne ya 20, wenyewe waliposhindwa kuyatunza. Jumba la mawe nalo hufa, lisipokuwa na watu wa kulitaka. Nyumba zetu hazina budi kutafuta ulinzi wake kwetu sisi tuliozaliwa humo. Mwenye ufunguo asingoje Desemba. Na asiyeweza kuja, amwandikie bibi yake leo, amwulize mzee yule aliyelala chini ya masale alikuwa nani.